Ufadhili wa udaktari uhesabiwe kwa miaka sita

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi, walimu na viongozi wa kaunti zetu za magharibi jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka mingi na ambalo silisikii likizungumzwa kwa uzito unaolistahili. Nilifundisha Biolojia na Kemia katika shule za kutwa za Kisumu na Vihiga hadi nilipostaafu, na kwa muda mrefu nilikuwa pia mwalimu wa kuwashauri wanafunzi kuhusu kozi na vyuo. Hata sasa, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, yanapotangazwa, wazazi hunijia nyumbani hapa Kondele wakiwa na simu mkononi, alama za mtoto zimo humo, na swali lao ni lilelile: "Mwalimu, mtoto amepita vizuri na anataka udaktari. Pesa za kuripoti chuoni tutazitoa wapi?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi hata nikatambua kosa lililomo ndani yake. Mzazi huuliza pesa za kuripoti. Lakini shahada ya udaktari na upasuaji huchukua miaka sita katika vyuo vyetu vingi, kisha daktari mwanagenzi huhudumu mwaka mmoja hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili. Anayetafuta pesa za kuripoti anatafuta pesa za juma moja katika miaka yote hiyo, na watu wema wanaomsaidia, wakiwemo madiwani na wabunge wetu, humsaidia kwa kipimo hichohicho. Ndiyo maana harambee ya kumpeleka mtoto chuoni hujaa watu na hotuba, lakini mtoto huyo anapofika mwaka wa tatu na kuanza kuingia wodini, hakuna tena anayeuliza anakula nini wala analala wapi.

Nilimfundisha msichana mmoja aliyefiwa na baba akiwa kidato cha pili, akapata A- katika shule ambayo maabara yake ilikuwa na meza mbili na darubini moja. Mwaka wa kwanza wa udaktari alilipiwa na mfuko mmoja wa basari, kanisa likamnunulia godoro na koti jeupe, na chama cha mama yake, ambaye huuza omena, kikampa nauli na matumizi. Mwaka wa pili basari ilikuja nusu, tena imechelewa. Mwaka wa tatu haikuja kabisa, kwa sababu orodha ilikuwa imejaa wanafunzi wapya, naye akazuiwa kufanya mtihani kwa ajili ya deni. Aliahirisha masomo kwa miaka miwili akihudumu katika duka la M-Pesa, akiweka akiba ya kurudi. Alirudi, na leo ni daktari, lakini miaka ile miwili hakuna atakayemrudishia. Chuo chake sikitaji wala mfuko ule siutaji, kwa kuwa mambo kama hayo yametokea kwingi, na wanafunzi wengine wawili niliowafundisha hawakurudi darasani hadi leo.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulielewa, na ambalo huwashangaza hata walimu wenzangu, ni kwamba alama za juu humpa mtoto nafasi, hazimpi pesa. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 1,693 pekee walipata alama ya A nchi nzima. Mzazi wa mmoja wao ana kila sababu ya kudhani kwamba Serikali itambeba mtoto kama huyo hadi mwisho wa safari. Sivyo ilivyo. Shirika la KUCCPS, linalowapangia wanafunzi vyuo na kozi, hutazama alama ili kuamua nani ataingia udaktari, na ushindani ni mkali kiasi kwamba kati ya alama 48 za juu kabisa za klasta, yaani za masomo yanayohesabiwa kwa kozi husika, kozi hii mara nyingi hudai zaidi ya 40. Baada ya hapo alama huwekwa kando. Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ambao Serikali iliutangaza Mei 2023 hupima umaskini wa familia, si bidii ya mtoto, na huwagawa wanafunzi katika bendi tano. Aliye katika bendi ya kwanza hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Aliye katika bendi ya tatu hupata ufadhili wa asilimia 50 na mkopo wa asilimia 30, familia ikilipa 20. Aliye katika bendi ya tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa 30, na asilimia 40 huiangukia familia.

Sipingi maskini kupewa zaidi; mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa pesa za ng'ombe wa ami yangu, na najua mtoto wa maskini ana kazi mara mbili. Ninachotaka ni watu wakae chini na kalamu wahesabu. Tuchukue kozi inayogharimu shilingi 600,000 kwa mwaka, kiwango kilicho karibu na kile kilichotajwa kwa udaktari mfumo huo ulipoanza. Mwalimu wa shule ya msingi wa hapa Nyalenda ambaye mtoto wake amewekwa bendi ya tatu atadaiwa shilingi 120,000 kila mwaka, yaani 720,000 kwa miaka sita, na mtoto atahitimu akiwa na mkopo wa karo wa shilingi 1,080,000 kabla ya riba. Katika bendi ya tano familia italipa shilingi 1,440,000. Hata yatima wa bendi ya kwanza, ambaye mzigo wa familia yake unaonekana mdogo, atadaiwa 180,000 kwa miaka sita na kubaki na mkopo wa 900,000. Ni kweli kwamba mfumo huu umepelekwa mahakamani, kwamba Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024 kabla ya Mahakama ya Rufani kusimamisha uamuzi huo, na kwamba mwaka 2025 Serikali ilitangaza kupunguza karo. Tarakimu zinaweza kubadilika tena kabla barua hii haijachapishwa. Hesabu ya miaka sita haibadiliki, na mzazi anayeifanya mwaka wa kwanza hatashtuka mwaka wa nne.

Mzazi pia ajue kwamba anaweza kukata rufaa akiona mtoto wake amewekwa katika bendi isiyolingana na hali ya nyumbani. Nimewaona watu wakilalamika sokoni na stejini lakini hawajawahi kuijaza fomu ya rufaa. Wengi walikosea tangu mwanzo, kwa sababu maswali ya kupima uwezo wa familia yalijazwa na mtoto peke yake katika kituo cha saiba, akakisia mapato ya baba na kusahau kutaja ndugu wengine wawili walio vyuoni. Fomu ile ijazwe nyumbani, mama na baba wakiwepo, risiti za karo za ndugu zake zikiwa mezani.

Jambo la pili ni uchaguzi wa chuo chenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wazazi wetu hupenda mtoto aende mbali, hasa Nairobi, kana kwamba udaktari wa huko una dawa zaidi. Mimi husema kwamba kwa familia isiyo na uwezo, chuo cha karibu ni ufadhili unaolipwa kila siku. Tazameni tulivyobarikiwa. Chuo Kikuu cha Maseno huwafundisha madaktari wake hapa Kisumu katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wetu bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Usovieti. Kisumu kuna pia Chuo Kikuu cha Uzima cha Kanisa Katoliki. Kakamega kuna Masinde Muliro, Kisii kuna Chuo Kikuu cha Kisii, Nakuru kuna Egerton, na Eldoret kuna Moi, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 na kimejijengea jina kwa kuwapeleka wanafunzi vijijini kujifunza katika vituo vya afya. Mtoto wa Manyatta anayesomea wodi za Russia anaweza kulala kwao, akala ugali wa mama yake, na akatembea kwenda hospitalini alfajiri. Mwenzake aliyeenda Nairobi hulipa kodi ya nyumba, nauli na chakula, na matumizi anayokopeshwa na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ambayo ni kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka kulingana na bendi, humwishia mapema sana.

Watu wasiojua kozi hii hudhani kwamba mwanafunzi wa udaktari ana likizo ndefu ya kufanya vibarua kama wenzake wa kozi nyingine. Miaka ya wodini haina likizo ya namna hiyo. Kuna zamu za usiku, kuna vifaa vya kununua, kuna mazoezi ya nje ya chuo yanayohitaji nauli na mahali pa kulala, na hakuna mwajiri atakayemchukua kijana ambaye Jumanne yuko wodi ya watoto na Alhamisi yuko chumba cha upasuaji. Kwa hiyo gharama ya kuishi ni ya kuwekwa katika hesabu sawa na karo, na kadiri chuo kinavyokuwa mbali na nyumbani ndivyo inavyopanda.

Neno la tahadhari kuhusu vyuo vya kibinafsi: mwanafunzi anayepelekwa huko huweza kuomba mkopo wa HELB, lakini ufadhili wa Serikali niliouelezea hapo juu umewekewa vyuo vya umma. Sisemi wasiende. Nasema waulize ofisi ya chuo, kwa maandishi, kama kuna punguzo la karo kwa wenye alama bora, punguzo hilo ni la miaka mingapi, na mwanafunzi akishuka alama muhula mmoja litaondolewa au la. Chuo kinachojibu kwa mdomo tu kisiaminiwe katika jambo hili.

Sasa niingie katika ufadhili unaofuata ubora wa masomo, kwa kuwa ndio unaoulizwa zaidi na ndio unaopotea zaidi mikononi mwetu. Upo, lakini una msimu wake kama samaki, na sisi huenda ziwani msimu ukiisha. Mpango wa Equity Leaders, ulioanza mwaka 1998, huwachukua wanafunzi bora wa kaunti mbalimbali mara tu baada ya matokeo, huwapa kazi ya mafunzo yenye malipo katika matawi ya benki kabla hawajaripoti vyuoni, na huwaongoza wale wanaotaka kuomba nafasi ng'ambo. Nimeona kijana wa Luanda akiyaweka malipo hayo yote, akayalipia mchango wa familia wa mwaka mzima. KenSAP, iliyoanzia Bonde la Ufa mwaka 2004, huwaandaa wanafunzi wenye alama za juu kutoka familia maskini kwa mitihani na maombi ya vyuo vya Amerika Kaskazini. Zawadi Africa, iliyoanzishwa mwaka 2002, hufanya kazi kama hiyo kwa wasichana. Wakfu wa Mastercard hufadhili wanafunzi kupitia vyuo washirika, na kila chuo hutangaza chenyewe kozi na tarehe zake. Na katika milima ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna Chuo Kikuu cha Global Health Equity, kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health, ambacho kilianza kufundisha udaktari mwaka 2019 na ambacho huangalia sana moyo wa mwombaji wa kuwahudumia watu wa vijijini. Kwa mtoto wa Siaya au Busia aliyeona kwa macho yake mama mjamzito akibebwa kwa pikipiki usiku, maombi ya namna hiyo hayahitaji kubuni maneno.

Yote haya hudai vitu ambavyo haviwezi kutengenezwa kwa juma moja: barua ya mwalimu inayomweleza mtoto kwa undani, insha ya mtoto mwenyewe, nakala za matokeo ya mihula, pasipoti wakati mwingine, na cheti cha kuzaliwa chenye jina lililoandikwa sawasawa na lile la KCSE. Cheti hicho peke yake kimewanyima wanafunzi wangu watatu nafasi. Jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti, marekebisho yanachukua majuma, na tarehe ya mwisho inapita. Wazazi wenye watoto walio kidato cha tatu leo wavitoe vyeti hivyo sandukuni wavitazame. Na wale ambao watoto wao wameingia Gredi ya 10 katika shule za upili za juu Januari 2026 wahakikishe kwamba mtoto anayetaka udaktari yuko katika mkondo wa sayansi, akisoma Biolojia na Kemia, kwa sababu mlango ukifungwa hapo hakuna ufadhili utakaoufungua.

Kuhusu Marekani lazima niseme kwa urefu kidogo, maana ndiko ndoto nyingi zinakoelekea na ndiko kuna kutoelewana kukubwa zaidi. Nchini humo udaktari si shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma kwanza miaka minne ya chuo, katika somo lolote alipendalo, mradi apite Biolojia, Kemia, Kemia ya kaboni na Fizikia zinazodaiwa na shule za udaktari. Kisha hufanya mtihani unaoitwa MCAT, na ndipo huomba nafasi katika shule ya udaktari, ambako husoma miaka mingine minne. Kwa hiyo ufadhili wa chuo alioupata mtoto wako ni wa nusu ya kwanza tu. Katika nusu hiyo ya kwanza misaada ni mikubwa. Harvard, Yale, Princeton na Amherst hupokea mwanafunzi, hata wa kigeni, bila kutazama kama ana uwezo wa kulipa, na humlipia anachohitaji. Navyo havitoi pesa kwa alama, hutoa kwa uhitaji, ingawa kuingia kwenyewe ni kwa walio bora tu. Berea, chuo cha Kentucky kilichoanzishwa mwaka 1855, hakimtozi mwanafunzi yeyote karo, na kila mmoja hufanya kazi chuoni. Vyuo vya umma vya baadhi ya majimbo hupunguza karo kulingana na alama za SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni, na za shule.

Nusu ya pili ndiyo yenye mwamba. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya zile zinazowapokea hudai waonyeshe pesa za miaka yote minne kabla ya kuanza, na mkopo wa Serikali ya nchi hiyo hawapewi. Wazazi husoma habari kwamba shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha New York, NYU, iliondoa karo mwaka 2018, au kwamba mwaka 2024 mjane mmoja tajiri, Ruth Gottesman, aliipa shule ya Albert Einstein ya New York dola bilioni moja ili wanafunzi wasilipe karo tena, na huja kwangu wakiwa wamejaa furaha. Ni habari njema kweli. Lakini zawadi hizo ni za waliokwisha kupata shahada ya kwanza na kushinda mchujo wa shule zenyewe. Mtoto aliyemaliza KCSE Nyamasaria hawezi kuomba huko Januari. Akienda Marekani kwa shahada ya kwanza, aende akijua kwamba huenda atarudi na shahada nzuri ya Baiokemia, si ya udaktari, na akitaka kuwa daktari nyumbani ataanza upya.

Hata hivyo siwezi kuwakatisha tamaa watu wa eneo ambalo ng'ambo ilikuwa imekwisha kuwafungukia kabla ya Uhuru. Mwaka 1959 Tom Mboya alipopeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi Marekani, waliokuwamo walikuwa 81, na vijiji vilichanga ili wapate nauli na matumizi. Kilichowawezesha ni kwamba kulikuwa na mtu aliyezitafuta nafasi mapema, akazikusanya, akazitangaza, na kuwaunganisha watoto na vyuo kabla ya tiketi kununuliwa. Kazi hiyo ya kukusanya na kutangaza leo haina mwenyewe katika kaunti zetu, na palipo na pengo hilo ndipo wamesimama mawakala.

Mawakala hawa hukodi chumba mjini, hubandika picha za vyuo vya Asia na Ulaya Mashariki ukutani, na kuwaahidi wazazi nafasi ya udaktari yenye "ufadhili wa nusu karo". Jirani yangu aliuza kipande cha shamba kumlipa mmoja wao, kisha akagundua kwamba nusu hiyo ilikuwa imepunguzwa kwenye bei iliyopandishwa kwanza. Pesa hazikurudi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mzazi aliulize Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kama chuo kinachotajwa kinatambuliwa hapa, na akumbuke kwamba aliyesomea nje hufanya mtihani wa Baraza hilo kabla ya kukubaliwa kuanza uanagenzi. Ufadhili wa kweli wa serikali za nchi nyingine hutangazwa na Wizara ya Elimu na balozi zenyewe, na hauhitaji dalali.

Pia kuna watoto ambao klasta haikufika, nao hawajapotea. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kina kampasi Kisumu, Kakamega, Bungoma, Siaya, Homa Bay na Nakuru, na stashahada ya afisa wa kliniki huchukua miaka mitatu. Anayehitimu anaweza kufanya kazi, kuweka akiba, na baadaye kuomba shahada. Wagonjwa wengi wa vijiji vyetu hawajawahi kutibiwa na mtu mwingine.

Nimalizie na ombi kwa magavana wetu. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35. Wadi ikigawa shilingi milioni moja kwa wanafunzi 200, kila mmoja hupata 5,000, kiasi ambacho hakimfikishi yeyote mwisho wa muhula. Sisemi basari za shule za upili ziondolewe. Nasema kila wadi itenge shilingi 120,000 kwa mwaka, kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyeongoza katika wadi hiyo, na imfuate mwanafunzi huyohuyo hadi mwaka wa sita pasipo kumtaka aombe upya. Kwa Kisumu nzima hiyo ni shilingi milioni 4.2 kwa mwaka kwa kila kundi la wanafunzi 35, na makundi sita, moja kwa kila mwaka wa masomo, yakikamilika itakuwa 25.2 milioni. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ukanda wa Ziwa ina kaunti 14, na zote zina uhaba wa madaktari katika hospitali zake ndogo. Zikikubaliana juu ya mkataba mmoja, mtoto wa Trans Nzoia anaweza kusomea Kisumu na wa Migori akasomea Kakamega kwa masharti yanayofanana.

Najua kwamba mwaka 2025 kulizuka mzozo kuhusu kaunti kutoa basari, kwa kuwa elimu ya vyuo ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Hoja yangu ni kwamba afya iligatuliwa mwaka 2013, kaunti ndiyo inayomwajiri daktari, na kumsomesha kwa mkataba mtu utakayemwajiri ni sehemu ya kuendesha hospitali. Ikihitajika makubaliano kati ya serikali hizi mbili, yaandikwe. Lakini mkataba uwafunge wote wawili: mwanafunzi aahidi kuihudumia kaunti kwa miaka kadhaa, na kaunti iahidi kumwajiri na kumlipa. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 na kuisha Mei, ambao kiini chake kilikuwa malipo na kupangiwa kazi kwa madaktari wanagenzi, ulituonyesha vijana waliohitimu wakikaa nyumbani huku mikopo ya HELB ikiwasubiri. Haifai kumfunga mtoto kwa mkataba kisha kaunti iseme bajeti haitoshi.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Kuanzia Septemba hadi Machi kila mwaka, tafadhali litengee jambo hili robo ya ukurasa mara moja kwa juma, pachapishwe ufadhili ulio wazi, masharti yake, unalipa nini na kwa miaka mingapi, na siku ya mwisho ya kutuma maombi. Walimu wa shule za kutwa watalikata tangazo hilo na kulibandika ubaoni. Matangazo ya eneo letu la magharibi niko tayari kuyakusanya mwenyewe na kuyaleta katika ofisi yenu ya Kisumu kila Ijumaa bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu